Mafuta yakipanda, gari la Igawilo linaishia Uyole

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza mitumba Mwanjelwa hapa Mbeya, nakaa Igawilo. Tangu mafuta yapande, jioni makonda wanaita "Igawilo! Igawilo!" pale Kabwe, tukifika Uyole tunaambiwa gari linageuza. Tunashuka na kulipa bajaji. Nauli haijapanda, ila hela inayotoka mfukoni imepanda. Wana haki hiyo? Na kwa nini mafuta huku ni ghali kuliko Dar?
Mama wa mitumba, Igawilo

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawana haki. Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inataja njia, na gari linatakiwa lifike mwisho wa njia hiyo. Kukatisha ruti ni kosa.

Kuhusu bei: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, yaani ya juu kabisa, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kila mji na yake. Mafuta yetu yanashushwa bandari ya Dar, kisha malori yanayapandisha zaidi ya kilomita 800, kupitia mlima Kitonga na Makambako, hadi hapa Mbeya. Lori nalo linakunywa dizeli.

Sasa nikueleze kilichomo ndani ya gari, maana nimeendesha kosta hapa mjini. Bei ya mafuta hubadilika kila mwezi, nauli hukaa. Mei 2022 safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 400 hadi 500, Desemba 2023 ikawa 600. Katikati ya mabadiliko hayo dereva anajaza mafuta kwa fedha ya abiria, na jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake ileile, fedha anayopelekewa kila siku, hata dizeli ipande vipi. Kinachobaki ndicho cha dereva na konda. Kipande cha Uyole hadi Igawilo usiku abiria ni wachache na kurudi ni viti vitupu, basi hapo ndipo wanapokata. Matajiri wangeshusha hesabu mwezi ambao mafuta yamepanda, nusu ya ugomvi huu ungeisha. Nawaambia waziwazi, na wengine wananisoma.

Lakini shida ya dereva hailipwi na wewe uliyesimama juani tangu asubuhi. Muulize konda mwisho wa gari kabla hujapanda, abiria wenzako wasikie. Dai tiketi. Akikushusha Uyole, usitoke mlangoni kabla hajakurudishia fedha ya kipande kilichobaki au kukulipia gari jingine. Mkiwa kumi mnaodai pamoja, atatoa. Andika namba ya gari, saa na mahali, upeleke ofisi ya LATRA ya mkoa. Malalamiko yenye namba ya gari yanafuatilika.

Na kama kuna mwanafunzi kati yenu, mtetee kwanza. Yeye kalipa 200 na mara nyingi hana ya bajaji, atatembea gizani hadi kwao.