Mkuu, usisaini huo mkopo wa vifaa kwa dola

Mleta mada, achana kwanza na swali la redio gani (kifaa cha kurusha intaneti hewani) ununue na mnara uuweke Igoma au Buhongwa hapa Mwanza. Umeandika kwamba msambazaji wa Dar anakupa vifaa vyote vya kuanzisha intaneti ya mtaani, utamlipa kidogo kidogo kwa dola, "bila riba". Usisaini.

Sisi tulisaini karatasi ya namna hiyo mwanzoni mwa 2023, dola ikiwa 2,300 na ushee. Wateja wetu, Mabatini mpaka Nyakato, walikuwa wanalipa 45,000 kwa mwezi. Katikati ya 2024 dola ikapita 2,600. Rejesho la dola 1,000 lililoanza kwa milioni 2.3 likawa milioni 2.6 na zaidi. Hiyo laki tatu ya juu ni malipo ya karibu wateja saba, yanaondoka na hujaongeza hata kebo moja. Tena hiyo ni bei ya benki, na benki dola zenyewe zilikuwa za kugombania. Unajaza fomu, unaambiwa subiri, huku msambazaji anapiga simu kila asubuhi.

Utasema pandisha bei. Tulipandisha elfu tano tu. Kampuni kubwa ilikuwa imeshaingia mtaani na rauta zake, ina minara nchi nzima, ina wakala wa pesa za simu kila kona. Yenyewe inaweza kuvumilia faida ndogo Nyakato kwa sababu inakula kwingine. Wewe unakula Nyakato tu. Watu walihama, na siwalaumu.

Halafu radi. Mwanza ni mawe: unachimba shimo la ethi, ule waya wa kupeleka radi ardhini, hujafika mbali unagonga mwamba. Mvua ikipiga usiku, asubuhi unapanda mlimani Kirumba unakuta redio inawaka taa ya umeme, taa ya kebo imekufa. Hiyo ni ya kubadilisha, na ya kubadilisha inaagizwa kwa dola. Kwa hiyo deni halikai pale ulipoliacha.

Afisa mauzo aliyetupa ule mkataba alituapia kwamba dola imetulia miaka mingi. Miaka ya nyuma ilikuwa kweli imetulia, ndiyo maana tulimwamini. Lakini yeye kamisheni yake aliipata siku tuliyosaini, hatari yote akatuachia sisi. Bado nina hasira naye, na naona huyo wako anasema maneno yale yale.

Usidhani ni shida ya wadogo tu. Kampuni ya simu ya Etisalat ya Nigeria ilikopa mkopo wa thamani ya dola bilioni 1.2, sehemu yake kwa dola, kwa benki 13 mwaka 2013, ikishindana na MTN iliyokuwa imeshalishika soko. Naira ikaporomoka 2016, wateja wanalipa naira, marejesho yakakwama. 2017 wenye jina, Etisalat wa Falme za Kiarabu, wakajitoa, kampuni ikabadilishwa jina kuwa 9mobile. Ethiopia nako, Safaricom ya Kenya ilikuwa bado inajenga minara mbele ya Ethio Telecom, kampuni ya simu ya serikali, birr, hela ya kule, ikaachiwa sokoni Julai 29, 2024. Kutoka 57 hivi kwa dola, ndani ya wiki chache ikapita 100. Safaricom ina wenye mifuko nyuma yake. Wewe nyuma yako kuna nani?

Kuna atakayekuja hapa kusema shilingi ilipanda mwishoni mwa 2024. Kweli, ilirudi kwenye 2,400 hivi. Sisi tulikuwa tumeshashusha redio na kufunga kazi.

Kopa kwa pesa ile ile unayokusanya kwa wateja. Riba ya shilingi inauma, lakini unaijua leo. Ukikosa mkopo huo, anza na mtaa mmoja kwa vifaa ulivyolipia. Na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni kwa biashara ya hapa ndani, kwa hiyo huyo msambazaji mwambie akuandikie shilingi, uone kama bado ataita "bila riba".

Leseni, nenda ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Kanda ya Ziwa ukaulize. Ila kabla ya yote nitumie inbox ule ukurasa wa masharti ya malipo, leo hii.