Kabla hujapanda mimbarini kusema "torati imefutwa"

Wiki hii nimekaa benchi la nyuma nikisikiliza mahubiri ya majaribio ya vijana watatu. Wa kwanza katangaza torati imefutwa msalabani. Wa pili, haikupita hata saa moja, kadai zaka kwa Malaki 3:10 utadhani ndiye aliyeteremka na mbao za mawe. Wa tatu kasoma baraka za Kumbukumbu la Torati 28, akafunga Biblia kwenye mstari wa 14. Laana zinazofuata ni mistari 54, ila siku hiyo hazikuwa na bahati ya kusomwa. Nilicheka, kisha nikaona haya. Nilishayafanya yote hayo, na la kwanza nililifanya vibaya kuliko huyo kijana.

Basi wadogo zangu, sikilizeni.

1. Agano si kitabu. Vile vitabu 39 tunaviita Agano la Kale kwa mazoea tu. Agano ambalo Waebrania 8:13 inaliita kuukuu ni lile la Sinai, na ushahidi uko mistari michache juu yake: mwandishi anamnukuu Yeremia 31, na Yeremia anataja agano ambalo Mungu alilifanya na baba zao alipowashika mkono kuwatoa Misri. Ahadi aliyopewa Ibrahimu ni habari nyingine. Paulo anasema torati ilikuja miaka 430 baadaye na haikuitangua (Wagalatia 3:17).

2. Hili nililijua nikiwa nimechelewa. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilishika Waebrania 8:13 peke yake, mstari mmoja mkononi kama fimbo. Nikasema sehemu ya kwanza ya Biblia ni nguo iliyochakaa, na aliyevikwa mpya harudi kuvaa matambara. Watu wakaitikia amina, nami nikanogewa. Baada ya ibada mama mmoja mzee akanisubiri mlangoni. Biblia yake ilikuwa imefungwa kwa uzi kwa kuwa jalada limeachia. "Mwalimu," akaniuliza, "na Zaburi nazo?" Nilikuwa na haraka, na nilipenda kuonekana nina msimamo. Nikamjibu, "Mama, soma nyaraka, huko ndiko kuna neema."

Alinitii. Miezi kadhaa baadaye mumewe akafariki, nikaenda msibani. Akanieleza, bila lawama hata chembe, kwamba siku za mwisho mzee alikuwa akiomba asomewe ile ya "nitayainua macho yangu niitazame milima," naye akamsomea Warumi, maana mwalimu alishasema. Mzee alisikiliza kwa adabu, kisha akaiomba tena.

Nilirudi nyumbani nikafungua Waebrania kuanzia mwanzo, safari hii bila fimbo. Sura ya 1 peke yake imejaa Zaburi. Sura ya 8 yenyewe imebeba nukuu ya Yeremia iliyo ndefu kuliko nukuu nyingine yoyote ya maandiko ya kale ndani ya Agano Jipya. Yaani habari ya agano jipya niliyoihubiri kwa mbwembwe ilikuwa imetoka kwenye kabati nililowaambia watu walifunge! Nilimwendea yule mama kuomba radhi. Akanitazama kidogo, akanipa Biblia yake, akasema, "Nisomee wewe." Sauti yangu ilikatika kwenye mstari wa pili.

3. Ukihubiri kikombe cha Luka 22:20, pale Yesu anaposema ni agano jipya katika damu yake, anza na Kutoka 24:8, pale Musa anapowanyunyizia watu damu ya agano.

4. Kutimiza si kufuta (Mathayo 5:17), wala si kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanaotaka kuwarudishia watu tohara kwa mlango wa nyuma wasome Matendo 15 polepole, pale mitume walipokataa kuwatwisha watu wa mataifa mzigo huo.

5. Kulitupa Agano la Kale si ufunuo wako. Marcion, mwalimu wa karne ya pili, alilitupa zamani, akabaki na Luka aliyoikatakata na nyaraka 10 za Paulo, na kanisa la Roma likaachana naye mwaka 144.

6. Mmefundishwa darasani kuigawa torati mafungu matatu: maadili, ibada, na sheria za taifa. Ni msaada mzuri, ila msidhani Musa aliweka vichwa vya habari. Walawi 19:18 inasema umpende jirani yako kama nafsi yako. Mstari wa 19 unakataza vazi la nyuzi za namna mbili. Yule kijana wa kwanza aliulizwa hilo baada ya mahubiri: kama torati yote imefutwa, kwa nini bado tunampenda jirani? Na kama haikufutwa, shati lake ni pamba tupu? Akaishika kola yake, akageuka kunitafuta kwa macho. Nilijifanya napekua nyimbo, kwa sababu swali lenyewe nilikuwa nimempa muulizaji mimi, kabla ya ibada.