Maswali ya Wasomaji: Dhamana Isiyolipika, Siku za Rumande na Haki ya Aliyeibiwa

Tangu tulipoandika kuhusu mageuzi ya mahakama za jinai na magereza, tumepokea barua nyingi kutoka mitaa mbalimbali ya Nairobi. Tumechagua nne, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Kwako mhariri. Mwanangu ana umri wa miaka 22 na alikuwa akisukuma mkokoteni sokoni kabla ya kukamatwa na kushtakiwa kwa kuiba simu. Hakimu alimpa dhamana ya shilingi 50,000 pesa taslimu. Mimi nauza mboga, na tangu nizaliwe sijapata kuwa na kiasi hicho. Huu ni mwezi wa sita akiwa rumande, kesi imeahirishwa mara tano, na kila mara tunaambiwa shahidi hajafika. Redioni nasikia kwamba serikali inafanya mageuzi. Kwa mtu kama mimi, mageuzi hayo yako wapi?
*Mama wa watoto wanne, Kayole*

Pole sana, mama. Nitakujibu kwa urefu kuliko wengine, kwa sababu hali ya mwanao ndiyo kipimo halisi cha mageuzi yote tunayohubiriwa. Mwaka 2003 Moody Awori, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na baadaye Makamu wa Rais, alianza kuyafungulia umma magereza yetu, na wafungwa waliokuwa wakilala sakafuni wakaanza kupata magodoro. Hilo lilikuwa jambo jema na linastahili kukumbukwa. Hata hivyo, godoro humfaa aliye ndani, ilhali mwanao hakupaswa kuwa ndani muda wote huu kwa sababu tu ya umaskini wa mama yake.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumzuilia. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, katika sehemu ya 123, inasema kwamba kiasi cha dhamana kipangwe kwa kuzingatia hali ya kesi na kisiwe kikubwa kupita kiasi. Mwaka 2015 idara ya mahakama ilitoa mwongozo wa dhamana unaowakumbusha mahakimu kuuangalia uwezo wa mshtakiwa. Kwa hiyo mageuzi yapo, mama, lakini yamo kwenye maandishi yanayosubiri mtu ayaombe. Siku ya kwanza hakimu huwa na karatasi ya mashtaka na dakika chache tu, na kama hakuna aliyemwambia kwamba mshtakiwa ni msukuma mkokoteni na mamaye ni muuza mboga, hana njia ya kujua kwamba shilingi 50,000 kwenu ni sawa na kunyimwa dhamana.

Kesi itakapotajwa tena, mwanao anyanyue mkono aombe masharti ya dhamana yapitiwe upya. Hahitaji wakili kwa ombi hilo, wala halina ada. Aombe pia afisa wa probesheni aagizwe kuandaa ripoti ya familia. Afisa huyo huja nyumbani, huzungumza na majirani na chifu, kisha humweleza hakimu kama kijana ana makao ya kudumu na kama atafika kortini akiitwa. Kwa msingi wa ripoti hiyo hakimu anaweza kupunguza fedha, kukubali mdhamini badala ya pesa taslimu, au kumwachilia kwa ahadi yake mwenyewe ya maandishi. Akikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru dhamana ipunguzwe. Na kama mtafanikiwa kulipa, lipeni kwa njia rasmi ya mahakama peke yake na mhifadhi risiti, kwa sababu fedha ya dhamana hurudishwa kesi inapokwisha, hata mshtakiwa akipatikana na hatia, mradi alifika kila alipoitwa. Wale wanaowafuata watu kwenye korido wakiahidi kuwatafutia wadhamini kwa malipo, waepukeni kabisa.

Kuhusu shahidi asiyefika, Katiba inataka kesi ianze na kumalizika bila ucheleweshaji usio na sababu. Mwanao ana haki ya kumwomba hakimu aandike kwenye faili kwamba amepinga kuahirishwa, na kwamba siku ijayo iwe ya mwisho kwa upande wa mashtaka. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inaweza kumsaidia kuyasema haya kwa mpangilio.

Liko jambo moja ninalokusihi kama mzazi mwenzio. Vijana wengi wanapochoka rumande huambiwa na wenzao kwamba wakikiri watatoka haraka. Ni kweli kwamba kosa la kawaida la wizi lina kifungo kisichozidi miaka 3, na mara nyingi hakimu humwadhibu aliyekiri kwa kumpa huduma kwa jamii. Lakini kama hakuiba, asikiri. Rekodi hiyo itamfuata kila atakapoomba kazi na kutakiwa cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, na uchovu wa miezi sita haupaswi kugeuzwa ushahidi wa wizi.

Ndugu yangu alikaa rumande miezi 9, kisha akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Je, miezi ile imepotea bure?
*Msomaji, Dandora*

Haikupaswa kupotea. Sehemu ya 333(2) ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamtaka hakimu auzingatie muda ambao mtu amekwisha kukaa kizuizini. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Ahamad Abolfathi Mohammed, ilifafanua kwamba haitoshi hakimu kutamka tu kwamba ameuzingatia huku akihesabu kifungo kuanzia siku ya hukumu, bali muda huo lazima uonekane umepunguza adhabu yenyewe. Someni nakala ya hukumu kwa makini. Ikiwa inasema kifungo kinaanza siku iliyotolewa na haitaji miezi 9 popote, ndugu yako anaweza kumwandikia jaji wa Mahakama Kuu akiomba adhabu ipitiwe. Barua ya kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono inatosha, na maafisa wa ustawi gerezani huwasaidia wafungwa kuzifikisha. Rufaa kamili ina muda wa siku 14 tangu hukumu, ingawa mahakama inaweza kuongeza muda huo panapokuwa na sababu ya maana.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya kifungo kinachozidi mwezi mmoja, isipokuwa katika makosa machache yaliyotajwa na vifungo vya maisha. Punguzo hilo ni jambo tofauti na miezi ya rumande, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba moja limechukua nafasi ya jingine.

Je, Kenya bado inanyonga watu?
*Mwanafunzi, Lang'ata*

Adhabu ya kifo bado imo katika sheria, lakini hakuna aliyenyongwa tangu 1987. Mwaka 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Tangu hapo jaji huwasikiliza mshtakiwa na familia ya marehemu kabla ya kuamua adhabu ipi inafaa. Mwaka 2021 mahakama hiyo ilieleza kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la mauaji peke yake, wala haukugusa wizi wa mabavu.

Kijana alivunja duka langu akabeba sukari, unga na pesa za mauzo. Alipatikana na hatia, akapewa huduma kwa jamii. Sasa kila asubuhi namwona akifagia karibu na ofisi ya chifu, na mimi sijarudishiwa hata kilo moja ya sukari. Je, mageuzi haya yaliletwa kwa faida ya wezi?
*Mwenye duka, Kawangware*

Hasira yako ina haki, na sitakujibu kwa kukuhubiria huruma. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inamruhusu hakimu kutoa adhabu hiyo hata kwa kosa zito kiasi, mradi aone kwamba kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3. Kuvunja duka na kuiba kunaweza kumpa mtu hadi miaka 7, lakini kwa kijana ambaye ni mara yake ya kwanza, na ambaye hakumjeruhi mtu, hakimu alikuwa na uwezo wa kuamua hivyo. Binafsi naona ni afadhali afagie mbele ya watu wanaomjua kuliko akae miezi kadhaa gerezani, kwa kodi yako, akijifunza kuvunja maduka makubwa zaidi. Akikosa kazi hiyo bila sababu hurudishwa kortini, nawe unaweza kumjulisha afisa anayemsimamia.

Kosa ninaloliona liko kwingine, nalo ni kubwa: wewe hukusikilizwa. Mwongozo wa adhabu uliotolewa na idara ya mahakama mwaka 2016 na kurekebishwa mwaka 2023 unahesabu kumrudishia haki aliyeathirika kuwa miongoni mwa malengo ya adhabu. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 nayo inakupa nafasi ya kueleza hasara yako na kuomba fidia. Hakimu angeweza kuamuru kazi ya kufagia na fidia kwa pamoja, kwa maana moja haizuii nyingine. Mageuzi yanayomkumbuka mkosaji na kumsahau mwenye duka yatakataliwa na wananchi, na hapo hata yule kijana wa Kayole asiye na dhamana atakosa wa kumtetea.

Hujachelewa. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hapa Nairobi ilianza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya hasara ya mali, na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Unaweza kwenda bila wakili. Hutahitaji kuthibitisha upya kwamba kijana aliiba, kwa sababu hukumu ya jinai isiyosubiri rufaa huchukuliwa kuwa ushahidi wa kutosha wa hatia yake. Beba nakala ya hukumu hiyo, risiti za bidhaa ulizonunua, na daftari lako la mauzo la wiki ile.