Karantini ni arobaini: jibu kwa mdogo wangu wa Wete

Wiki iliyopita niliamka nikakuta ujumbe wa binti mmoja wa Wete, yuko kidato cha nne. "Shikamoo kaka. Ulifanyaje mpaka Kiingereza kikakuingia? Mie nakariri maneno ishirini kila usiku, nikiamka yamebaki matatu." Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mie nilikuwa nakariri arobaini na yakibaki mawili.

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani ili na wenzako wasome. Najua si wewe peke yako unayetaka siku moja kushuka bandarini Malindi ya Unguja na kula kwa ulimi wako.

Mie ni mtoto wa Pemba. Daftari langu la skuli ninalo mpaka leo. Nililigawa kwa rula, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, kwa mpangilio wa alfabeti. Kwenye ukurasa wa herufi O, mstari wa nne umeandikwa "October", mwezi wa kumi. Mstari wa tano "octopus", pweza. Yamekaa juu na chini, yanagusana, na kwa miaka yote ile sikuona kwamba yana kichwa kimoja. Na mwalimu aliyenitia bakora kwa kuyasahau naye hakuona.

Nilivuka Unguja na daftari hilo. Nikaanguka usaili mara tatu. Mara ya tatu yule bwana alifunga faili kabla sijamaliza sentensi, akamwita anayefuata. Jina la hoteli ile silitaji, lakini nikipita mbele yake hata sasa natazama baharini.

Nikaishia kubeba mafriji ya maji kwenye boti za wageni wa Changuu. Wengi mnakijua kisiwa kile kwa kobe wakubwa walioletwa kutoka Ushelisheli, na kwa lile jengo lililojengwa miaka ya 1890 liwe jela, lisifungwe mfungwa hata mmoja. Kilichotumika ni kisiwa chenyewe, kuwaweka abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi kama homa ya manjano. Karantini. Siku moja bibi mmoja wa Kitaliano alisimama pale kivulini akaniuliza kama najua maana ya neno hilo. Nikamwambia ni kutengwa. Akatikisa kichwa. "Quaranta," akasema, "ni arobaini." Akanieleza kwamba zamani za tauni, meli zilizofika Venice zilisubiri siku arobaini kabla watu hawajaruhusiwa kushuka.

Mie ninachokumbuka ni dada yangu. Wiki ile ile alikuwa amejifungua, yuko ndani nyuma ya pazia, anakandwa maji moto na kunywa uji wa pilipili manga, na mama kamkataza kutoka mpaka arobaini iishe. Nikasema moyoni, kumbe dada yuko karantini! Neno lile sijalikariri hata mara moja, na halijanitoka mpaka leo.

Usiku ule nilianza upya kwa namba. Nikagundua jambo ambalo skuli hakuna aliyeniambia. Warumi walihesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Mzungu wa leo anapata tabu kuelewa kwa nini saa sita yetu ni kumi na mbili yake, lakini Mrumi asingepata tabu. Lile neno "siesta", usingizi wa mchana, linatokana na saa ya sita kwa Kilatini. Ni saa sita mchana, jua la utosi, watu wamejilaza barazani. Na "noon" asili yake ni saa ya tisa. Ilikuwa saa tisa yetu hasa, karibu na alasiri, halafu Waingereza kadiri karne zilivyopita wakairudisha nyuma mpaka ikakaa adhuhuri. Mtoto wa London hukariri hilo kitabuni. Wewe unalo mkononi ukitazama saa.

Twende kwenye miezi. Mwaka wa Warumi wa kale ulianza Machi. Hesabu kwa vidole na utaona: Septemba wa saba, Oktoba wa nane, Novemba wa tisa, Desemba wa kumi. Januari na Februari ndizo zilizokuja kukaa mbele, majina yakabaki vile vile. Watu wengi wakisikia hivi wanashangaa. Mzanzibari anashangaa nini? Maulidi si tunasoma Mfunguo Sita, na kwenye kalenda ya Kiislamu huo ni mwezi wa tatu? Sisi tumehesabu kuanzia pale Ramadhani ilipofunguliwa, basi. Na Alhamisi je? Hamsa ni tano, na tano tumeshampa Jumatano, kwa hiyo wiki yetu ina siku mbili za tano na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, anza na uliyonayo mdomoni. Kilo ya sukari ni elfu kwa Kigiriki, yaani gramu elfu. Senti ni mia. Dazeni imetoka kwenye kumi na mbili ya Kilatini, na milioni imezaliwa na elfu. Baskeli unayopanda ina "bi" ya mbili, magurudumu mawili. Pweza ni "octo" ya nane na "pus" ya miguu. Ushauri wa pili ni huo huo, anza na uliyonayo.

Sasa nikiri kosa, maana mkinisikia hivi mtadhani nilipanda ngazi bila kuteleza.

Nilipata kazi hatimaye, hoteli ya upande wa mashariki, kwenye mgahawa. Nikawa najiona mwanachuoni. Tangazo likibandikwa ukutani wa jikoni wananiita, "Mpemba, njoo utusomee." Siku moja likabandikwa kwamba ukaguzi wa wafanyakazi na vyeti vyao utakuwa "biannual". Sikusoma hata mstari wa pili. Nikawaambia, "bi" ni mbili, "annual" ni ya mwaka, kila baada ya miaka miwili, laleni usingizi. Mpishi mmoja, mtu mzima aliyenizidi miaka ishirini, cheti chake cha kupimwa afya kilikuwa kinakaribia kwisha. Akaamua kusubiri.

Wakaguzi walikuja baada ya miezi sita. Neno lile maana yake mara mbili kwa mwaka. La kila miaka miwili ni "biennial", herufi zimepishana kidogo tu. Mpishi akasimamishwa miezi miwili bila mshahara. Mie hakuna aliyenigusa. Mstari wa pili wa tangazo, ambao sikuusoma, ulitaja miezi yenyewe, Juni na Desemba.

Ndiyo maana nawaambia, mzizi unakupa namba. Namba hiyo inahesabu nini, hapo usome sentensi nzima. Na si kila "bi" ni mbili wala kila "dec" ni kumi. "Decide" haina kumi ndani yake, asili yake ni kukata. Nimewahi kumwona kijana akimweleza mgeni kwamba kuamua ni kuchagua kati ya mambo kumi, na mgeni kwa adabu akaandika kwenye kijitabu chake.

Nyinyi wa sasa mnapiga picha swali, simu inawajibu, mnafunga daftari. Halafu mnaniuliza kwa nini maneno hayakai. Yatakaaje na hamkuyapa hata kigoda? Mdogo wangu, lifungue daftari lako leo usiku. Usiongeze neno hata moja. Tafuta mawili yaliyokaa juu na chini yakiwa na kichwa kimoja. Nakuhakikishia yapo. Ukishayapata, tafuta mengine mawili.

Yule mpishi nilikutana naye mwezi uliopita, soko la samaki la Malindi. Alikuwa ameinama anachagua pweza. Nikamwamkia. Akaitikia bila kunitazama, akamgeuza pweza, akaanza kumhesabu mikono kwa sauti, mmoja mmoja. Alipofika nane akauliza, "Huyu naye ni kila mwaka, au kila miaka miwili?"

Muuzaji hakuelewa kitu. Nikalipa mie. Mpishi akamtia pweza kwenye kikapu chake, akaondoka.