Maswali yenu: Paka kaanguka kwenye paa, nimpe Panadol?

SWALI: Asalaam aleykum dokta. Paka wangu dume juzi usiku alianguka kutoka paa la makuti, toka hapo anachechemea mguu wa nyuma, na hata mume wangu akirudi na samaki hanyanyuki, amejibanza tu chini ya kitanda na manyoya ya mgongoni yameshikana, hajilambi. Jirani ananambia nimpondee robo ya Panadol nichanganye na samaki, eti mwanawe akipewa hiyo hupoa. Robo nimeshaikata iko hapa kwenye sahani lakini roho inasita. Nimpe?
Mama Wawili, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu. Usimpe! Itupe hiyo robo pamoja na hao samaki kama umeshawachanganya, na ahsante sana kwa kuuliza kwanza.

Robo ya tembe ya 500 ni miligramu 125, na kwa paka wa kilo tatu na kitu hiyo inatosha kumdhuru vibaya na hata kumuua kabisa. Mwana wa jirani hupoa kwa sababu ini la binadamu linajua kuisafisha parasetamoli, yaani dawa yenyewe iliyomo kwenye Panadol, la paka haliwezi, kwa hiyo inageuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu mpaka damu inakuwa kahawia na haibebi oksijeni tena. Masaa machache tu unaona ufizi umegeuka kahawia au buluu, anahema, mate yanamtoka, uso na nyayo zinavimba. Kama kuna msomaji ameshampa wake asingoje hizo dalili, ampigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, dawa ya kuikata sumu ipo, inaitwa asetilisisteini, lakini husaidia zaidi ikiwahi. Na Brufen, Diclofenac, aspirini, zote usimpe, hizo huchoma tumbo na figo.

Lakini paka wako anaumwa kweli, usimwache hivyo. Paka akiumia mara nyingi halii, hujificha, huacha kujilamba na huacha chakula, yaani yote uliyoniandikia. Angalia leo kama anakojoa, akichuchumaa na mkojo hautoki hiyo ni dharura ya leo leo. Mtie kwenye katoni uliyotoboa matundu, usimbebe mikononi, maana punda akitokea ghafla kichochoroni ataruka na mguu uzidi kuumia. Daktari akiona hakuvunjika na figo ziko sawa, huenda akampa meloksikamu ya maji, dawa ya maumivu, matone machache kulingana na uzito, siku chache tu, na apewe akishakula. Tafadhali usiazime chupa ya mbwa! Ya mbwa huwa na miligramu 1.5 kwa kila mililita na ya paka 0.5, yaani matone yale yale lakini dawa ni mara tatu.

SWALI: Dokta, mbwa wetu mzee wa kulinda shamba kila asubuhi viungo vimekaza, akishaanza kutembea anapata nafuu. Jana kadungwa sindano ya deksamethasoni. Nina vidonge vya karprofeni vya mwaka jana, nimuongezee?
Baba Shamba, Malindi

JIBU: Hapana mzee wangu, si sasa. Karprofeni ni dawa nzuri kwa viungo vya mbwa, lakini ikikutana mwilini na deksamethasoni, ambayo ni steroidi ya kupunguza uvimbe, inaweza kumtoboa tumbo, na mimi hili naliogopa sana kwa sababu mtu anaongeza kidonge kwa huruma tu. Muulize aliyemdunga mbwa asubiri siku ngapi, na akiwa mzee hivyo apimwe figo na ini kabla hajaanza. Ndani ya siku hizi akitapika, akikataa chakula au choo kikiwa cheusi kama lami, usimpe dawa nyingine yoyote, mrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo.