Nimetoka mikono mitupu, uzee utanikuta wapi?

Barua tatu za toleo hili zinatoka Nyanda za Juu Kusini. Waandishi wake wametoka kwenye jumuiya za dini zenye masharti makali, na kila mmoja tumemjibu tukiwaza atakula nini akizeeka. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

SWALI: Nilikaa utawani miaka 27, mingi kati ya hiyo nikiwa muuguzi katika hospitali ya misheni. Mshahara uliingia akaunti ya shirika; mimi nilipewa sabuni, viatu na nauli ya likizo. Mwaka jana nilitoka kwa ruhusa halali nikiwa na miaka 52 na begi moja. Naambiwa nisidai kitu. Ni kweli? – Dada wa Makambako

JIBU: Dada, ni kweli nusu. Kanuni ya 702 ya Sheria za Kanisa ina aya mbili, na wengi husomewa ya kwanza tu. Hiyo inasema aliyetoka kihalali, hata aliyefukuzwa, hawezi kudai chochote kwa kazi aliyoifanya shirikani. Aya ya pili inalitaka shirika limtendee anayeondoka kwa haki na upendo wa Kiinjili. Kwa hiyo ukimwandikia mama mkuu ukidai mishahara ya miaka 27, barua itagonga mwamba. Andika ombi lenye hesabu: kodi ya chumba kwa miezi sita, vyombo vya kuanzia maisha, gharama ya kuhuisha leseni, na vyeti vyako vyote halisi. Kama shirika ni la jimbo, nakala mpelekee askofu.

Tazama pia kanuni ya 668. Kabla ya nadhiri za kwanza mtawa hukabidhi usimamizi wa mali yake kwa mtu mwingine, lakini umiliki hubaki wake, isipokuwa kama baadaye aliukana kwa maandishi. Kama baba alikuachia shamba, omba nakala ya hati uliyosaini ukiwa msichana na usome neno kwa neno. Wengine wamemwachia kaka shamba miaka 20 wakidhani walishalitoa.

Sasa pensheni, maana fedha yako iko huko zaidi kuliko kwa mama mkuu. Swali la kwanza ni nani alikuwa anakulipa. Hospitali nyingi za misheni zina watumishi wanaolipwa na serikali na watumishi wanaolipwa na hospitali yenyewe. Kama ulikuwa kwenye orodha ya serikali, michango yako ilikuwa katika mifuko iliyounganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mwezi Agosti 2018. Kama mwajiri ni hospitali, itafute NSSF, mfuko wa sekta binafsi na waliojiajiri. Mshahara kuingia akaunti ya shirika hakubadilishi kitu: mwanachama wa mfuko ni mtu, na mtu huyo ni wewe.

Nenda ofisi ya mfuko na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), barua ya ajira na hati yoyote ya mshahara, hata ya zamani iliyofifia. Usiulize “nina shilingi ngapi”. Omba taarifa ya michango mwezi kwa mwezi, kisha kaa chini na kalamu. Weka alama kila mwezi usio na mchango. Mapengo huangukia zaidi miaka ya masomo, miezi ya kuhamishwa kituo, na pale mwajiri alipokata asiwasilishe. Hilo la mwisho ni deni la mwajiri, si lako, na mfuko una wakaguzi wa kulifuatilia. Lakini wanahitaji ile hati ya mshahara inayoonyesha makato.

Kinachowakwamisha watawa wengi ni jina. Kadi ya mfuko imeandikwa jina la utawani, NIDA ina jina la ubatizo na la baba, cheti cha kidato cha nne kina la tatu. Ukienda na hayo matatu utarudishwa. Apa kwa wakili au kamishna wa viapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, ukiyaandika yote kama yalivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. “Yosefu” na “Josephu” kwa kompyuta ni watu wawili. Mfuko ukitaka hati ya kubadili jina badala ya kiapo watakwambia. Usianze na hiyo, ni safari ndefu.

Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Unaweza kustaafu kwa hiari ukiwa na 55, kwa lazima 60. Tuseme taarifa imeonyesha miezi 96: umebakiwa na 84, miaka saba kamili. Ukianza kazi ukiwa na 53 unaifikisha ukiwa na 60, bila hata mwezi mmoja wa kupoteza. Ukipungukiwa hulali njaa kabisa, utalipwa kwa mkupuo; ila mkupuo huisha. Ndiyo maana kwako leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ina thamani kuliko shamba. Ihuishe kabla ya mengine yote, utafute ajira yenye mkataba, hata zahanati ndogo, mradi mwajiri awasilishe ile asilimia 20 ya mshahara: yako isizidi 10, iliyobaki yake. Ukihama mfuko, omba kwa maandishi vipindi vyako vijumlishwe.

SWALI: Kundi letu lilifundisha kwamba mwisho umekaribia, kuweka akiba ni kukosa imani. Miaka tisa iliyopita nilitoa ekari tatu kati ya tano. Nina miaka 47, nimetoka, mke wangu bado yumo. Nimeuza mbao na ng'ombe, nina milioni sita. Rafiki anasema nipande mipaina ekari zote mbili. Mwingine ana mradi unaolipa asilimia 30 kwa mwezi. – Msomaji, Mafinga

JIBU: Tuanze na huyo wa asilimia 30, tumfunge mlango mapema. Milioni moja ikikua kwa asilimia 30 kila mwezi, baada ya miezi 12 ni zaidi ya milioni 23. Hakuna mbao, chai wala parachichi inayozaa hivyo; analipwa wa kwanza kwa fedha ya wa mwisho. Wenye kumbukumbu wanaijua DECI, mchezo wa upatu wa 2009, ambako watu “walipanda mbegu” wakingoja “kuvuna”, na wachungaji walioiongoza wakaishia mahakamani. Tunakutajia kwa sababu waliotoka kwenye makundi ya aina hii hunaswa kirahisi na lugha ileile: imani kwanza, maswali baadaye.

Sadaka ya fedha uliyoitoa kwa hiari, isamehe. Ardhi ni jambo jingine. Je, utoaji uliandikwa? Halmashauri ya kijiji iliuridhia na iko kwenye muhtasari? Mkeo aliridhia, na nyumba ya familia ilikuwa humo? Majibu yakiwa “hapana” mara mbili tatu, una la kusema. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, hivyo kwako imebaki mitatu. Anza na usuluhishi wa kijiji na kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zile mbili zilizobaki, ombea hati ya hakimiliki ya kimila sasa, jina lako na la mkeo pamoja. Yeye bado yumo, naam, lakini jina lake humo linazuia ardhi kutolewa tena bila saini ya wote wawili.

Mipaina: kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ekari moja inabeba miche kama 450. Hapo Mafinga huhitaji kuhadithiwa habari za Sao Hill, shamba kubwa la miti la serikali. Tatizo ni umri wako. Mti wa mbao nzuri unataka miaka 18 au zaidi, utakuwa na 65. Wengi huvuna mwaka wa tisa au wa kumi kwa sababu ada ya mtoto imewabana, na mnunuzi anajua amekubana nani. Panda ekari moja tu. Pogolea matawi ya chini, punguza miti dhaifu, na safisha barabara ya moto (ukanda mtupu wa kuzuia moto) kabla ya Julai kila mwaka. Moto mmoja wa Septemba unakula pensheni yote kwa alasiri moja.

Ekari ya pili weka parachichi za Hass, kwa mita 7 kwa 7, miche kama 80. Chagua sehemu ya mteremko. Bondeni kwenye vinyungu (bustani za unyevunyevu) baridi hutuama na jalidi huunguza mche mchanga. Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uuweke kando, uuchanganye na debe la samadi iliyoiva, ndio urudi kwanza. Kovu la kubebeshea, pale mche ulipounganishwa, lisifukiwe: libaki juu ya udongo walau upana wa kiganja, la sivyo mche huoza shingoni, na muuza miche atakwambia ni mvua. Matunda ya kwanza ni mwaka wa tatu au wa nne. Hayo ndiyo yatakayoiacha mipaina yako ikue.

Kwa ile fedha, milioni moja na nusu iende mashambani. Mbili weka Mfuko wa Ukwasi wa UTT (kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja), unaofunguliwa kwa 100,000 na kuongezwa kwa 10,000. Ni fedha ya ugonjwa na ada, unaipata ndani ya siku chache za kazi. Mbili nyingine nunua hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, kupitia benki yako, kiwango cha chini milioni moja, riba mara mbili kwa mwaka. Iliyobaki ndiyo michango ya NSSF ya waliojiajiri. Kisha pitia kila fomu uliyojaza zamani, benki, SACCOS, bima: sehemu ya mrithi mara nyingi imeandikwa kiongozi wa kundi. Badilisha, na wosia uuweke RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na mirathi.

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 29, nauza mitumba Mwanjelwa. Nimeacha kanisa, sasa VICOBA ya kanisa wamezuia hisa zangu. – Binti wa Mbeya

JIBU: Marahaba, binti. Soma katiba ya kikundi, kipengele cha kujitoa. Kama haisemi kwamba hisa ni za waumini tu, ni zako, ingawa huenda ukangoja mwisho wa mzunguko. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo peleka barua na kitabu chako cha hisa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kabla hujaenda, hakikisha hujamdhamini mtu mkopo ambao haujaisha. Watakukata hapo, na kwa haki.

Zikitoka, anza kuchangia NSSF kama mjasiriamali. Kiwango cha chini walichotangaza ni 30,000 kwa mwezi, kinalipwa kwa simu. Thibitisha dirishani kabla ya kutuma. Hadi ufike 60 una miezi 372, na inayotakiwa ni 180. Ukikosa mwezi wa Januari, biashara ikilala, usijilaumu, lipa Februari.