Antibiotiki haziui mafua

Ndugu, umeuliza kwa nini mafua hayakuisha ingawa ulimaliza dozi ya antibiotiki. Dawa hizo hupiga bakteria, na bakteria ni seli kamili: ana ukuta wake na mitambo yake ya kutengeneza protini, huko ndiko dawa inakolenga. Lakini mafua huletwa na kirusi, naye hana hata kimoja kati ya hivyo. Ni kipande cha DNA au RNA, yaani maelekezo ya kumtengeneza, ndani ya ganda la protini, basi. Nje ya seli hali chakula, hakui, hazai. (Wataalamu bado wanabishana kama ahesabiwe kiumbe hai, mimi nasema hapana.)

Mambo huanza anapojishikiza kwenye seli ya pua au koo. Anaingia, anavua ganda, na seli inasoma maelekezo yake kana kwamba ni ya kwake yenyewe. Inaanza kumtengenezea nakala, mamia kwa mamia, nazo zinatoka kuvamia seli jirani. Sasa utampigaje mgeni anayepikia jiko la mwenyeji bila kumuumiza mwenyeji? Ndiyo maana dawa za virusi ni chache.

Pumzika, kunywa maji, na usinunue dozi nyingine bila kupimwa. Ukianza kupumua kwa shida, nenda hospitali siku hiyo hiyo.